Karanga Mlangoni kwa Redempta

Kama umewahi kula mchana kwenye hoteli ya Janeth pale Mazwi, Sumbawanga, basi umekula kilichopita kwanza puani mwa Redempta. Pua yenyewe si kubwa, ila ina jina mjini kuliko mwenyewe. Mama yake mzazi alikuwa akisema mtoto huyu hata titi alilinusa kwanza ndipo akanyonya. Sijui kama ni kweli, lakini ukimkuta asubuhi kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, sweta zito juu na khanga mbili kiunoni kwa ajili ya baridi ya Ufipa, utaelekea kuamini.

Kazi yake ni kupokea na kutunza. Nyama ikija, anatafuta mhuri wa bwana afya kabla hajaitikia salamu ya mwenye nyama. Mayai anayatumbukiza kwenye ndoo ya maji, na yai linaloelea linarudi kwa mwenyewe. Gunia la maharage kutoka Laela analimwaga lote juu ya turubai, maana wapo watu wanaojua kuweka mazuri juu na mabovu chini, na Redempta anawajua kwa sura. Kitu kikishapita mlangoni, anakipangia mahali pake: vikavu juu ya chaga za mbao, mbali na sakafu na ukuta, nyama mbichi chini kwenye friji, vilivyopikwa juu, cha zamani mbele, kipya nyuma. Akimaliza anatoka, halafu anarudi kuangalia kama alichokipanga hakijahama. Hana kiti mwanamke huyo. Hata chai anainywa akitembea, na nusu yake humwagika njiani.

Tusidanganyane, hapendwi sana. Wauza mboga wanamwona mwenye nongwa. Meshack, mpishi, amegombana naye mara nyingi kuliko alivyogombana na mke wake, na sababu ni ileile kila mwaka. Meshack ana imani ya watu wengi wa huku, kwamba Sumbawanga yenyewe ni friji. Juni na Julai ni kweli kabisa; unaacha sufuria ya maharage dirishani jioni, asubuhi unaikuta baridi kama jiwe la mtoni. Tatizo ni kwamba Oktoba inapofika na jua kuanza kuchoma, Meshack bado anaacha sufuria dirishani. Redempta humkumbusha kwamba friji lake limezimwa, na hamkumbushi kwa upole.

Asubuhi moja ya Julai alikuwa hashikiki kabisa. Alikwenda mlangoni, akarudi stoo, akarudi mlangoni. Alipanga mafuta ya kupikia mara ya pili na chumvi mara ya tatu. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Wewe leo una nini?" Meshack akamuuliza. "Bwana afya anakuja?"

"Mama anakuja," akajibu Redempta.

Meshack akarudi kwenye sufuria zake bila utani. Alijua ni mama yupi. Mji mdogo haufichi kitu.

Mama huyo ni Rozina, mama mzazi wa Gabriel, mumewe Redempta. Anaishi peke yake kijijini, nje kidogo ya Matai, na alikuwa hajakanyaga kwa mkamwana wake tangu siku ya kumaliza msiba wa baba mkwe. Siku hiyo Redempta aliingia jikoni kwa mkwewe, akafunua sufuria ya nyama iliyolala, akanusa, na bila kumuuliza mtu akaenda kuimwaga nyuma ya nyumba mbele ya wakwe, wajomba na majirani. Wafiwa wakala ugali wa ulezi na majani matupu. Nyama ilikuwa imeharibika kweli, hakuna aliyebisha. Lakini Rozina alisema neno moja tu, "Leo umenimwaga mimi," na baada ya hapo Gabriel ndiye aliyekuwa akienda kijijini, peke yake, na hata yeye safari zake zilikuwa zimepungua kwa sababu pikipiki za watu haziishi kuharibika na yeye ndiye fundi.

Sasa bibi alikuwa ametuma salamu kwa Nestory, dereva anayeleta samaki kutoka Kasanga na kupita Matai: Mwambie mke wa Gabriel nakuja na gari lako. Nimesikia hotelini kwao wanatafuta karanga. Namletea za shambani kwangu.

Redempta aliposikia alilia. Kisha akafuta machozi na kuanza kuhangaika, na hakuacha mpaka siku hiyo. Alitaka amani na mama huyu kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Watoto wake walikuwa wanakua hawamjui bibi yao, na kila Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani ulipofika, moyo ulimchoma.

Gari la Nestory lilichelewa, nalo lilipoingia uani, Redempta alikuwa ameshatoka mara nyingi kuchungulia barabarani hadi jirani muuza nguo akamwuliza kama amepoteza mtoto. Kwenye kiti cha mbele aliketi mwanamke mwembamba, amejifunga kitenge kichwani, mikono ameificha ndani ya shuka. Mapajani alikuwa na kikapu kilichofunikwa.

Redempta alipaswa kumkimbilia. Badala yake, miguu yake iliyozoea ikampeleka kwanza nyuma ya gari kwenye madeli ya samaki, yale masanduku ya barafu. Alifunua la kwanza. Barafu ipo, migebuka inang'aa, macho yametuna, mashavu mekundu. Akapitisha. Alifunua la pili. Barafu ilikuwa imegeuka maji, na samaki akibonyezwa anabaki na shimo.

"Hili halishuki," akasema.

"Dada Redempta, njia yote ile!" Nestory akalalamika. "Baridi hii samaki anaharibikaje?"

"Baridi umeikuta huku juu. Kule ziwani ulikotoka kulikuwa na baridi?"

Ndipo aliposikia sauti kutoka kiti cha mbele. "Kumbe bado unanusa," alisema Rozina. Haikueleweka kama ni utani au ni ule msumari wa zamani.

Redempta akaona aibu mpaka masikioni. Akakimbia mlangoni mwa gari, akachuchumaa na kupiga makofi ya taratibu kama wanavyosalimiwa wakubwa kwao. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Neno hilo lilimwingia Redempta kama uji wa moto tumboni. Salamu zikaendelea, za nyumbani, za watoto, za shamba, za mbuzi. Kisha Rozina akamkabidhi kikapu. "Nimezilima mwenyewe, nimezimenya mwenyewe. Hakuna aliyenishikia hata moja," akasema. Redempta akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kwao zawadi haifunuliwi mbele ya aliyeileta. Ukifanya hivyo ni kama unamhesabia. Kwa hiyo akatabasamu, akamkaribisha mama ndani kwa Janeth, kisha akakipeleka kikapu stoo akitembea kama aliyebeba mtoto mchanga.

Stoo akafunua.

Kwa juu zilionekana nzuri, nene, nyekundu. Akaingiza mkono. Chini kulikuwa na unyevu. Akachota kiganja, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Nyingine zilikuwa zimesinyaa, nyingine zimeota vumbi la kijani kwenye mkunjo. Akatafuna moja, ikawa chungu. Akaitema.

Kuvu. Bwana afya aliwahi kuwakalisha chini wapishi na wenye hoteli akawafundisha habari za sumukuvu: haifi kwa kukaangwa, haifi kwa kuchemshwa, haiumizi tumbo leo ukajua, inakula ini polepole, na mtoto ndiye inayemwonea zaidi. Na watoto hasa ndio wangezila. Hoteli ya Janeth inapika uji wa ulezi na karanga kwa ajili ya chekechea ya jirani, na walimu wao hufuata ndoo kila asubuhi.

Angekuwa muuzaji mwingine, kikapu kingesharushwa uani. Redempta alisimama na kiganja cha karanga mbovu, akaitazama milango miwili ya maisha yake, wa kazini na wa kwa mkwewe, na hakuna hata mmoja aliothubutu kuupita. Akafanya alichokuwa hajawahi kukifanya. Alizirudisha karanga kikapuni, akakifunika vizuri, akakisukuma chini ya meza nyuma ya ndoo tupu. Nitazimwaga akishaondoka, akajiambia. Nitasema zimeliwa zote, zilikuwa tamu. Atafurahi. Nani ataumia?

Akatoka nje. "Mama, karanga nzuri sana," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Rozina aliketi ukumbini na Janeth, wanakunywa chai. Janeth ni mtu wa Mbeya, mchangamfu, na anapenda wageni. Bibi alikuwa ameanza kucheka. Redempta alipoona kicheko hicho alijiona amefanya sawa. Lakini mwili wake ulikataa. Akaenda stoo, akatazama chini ya meza, akatoka. Akaenda tena. Alikuwa amemfundisha kila mtu hapo kwamba kibovu hakilali hata dakika moja pamoja na kizima, na sasa kibovu kimelala nyumbani mwake kwa ruhusa yake. Nestory akamwita uani wamalizane habari ya lile deli alilolikataa, naye akaenda, akabishana nusunusu, masikio yakiwa ndani.

Ndipo aliposikia kinu. Tu, tu, tu.

Kumbe Janeth, kwa ukarimu wake, alikuwa ameingia jikoni akasema, "Meshack, uji wa leo tia karanga za mama, naye aonje kabla hajaondoka." Meshack akaingia stoo, na kwa kuwa ana jicho la kuona kilichofichwa, akakiona kikapu. Akapepeta juu juu, akakaanga, akaanza kutwanga. Kilichokuwa stoo kimeshapita mlangoni kwa Redempta, angekagua nini tena?

Redempta alimwacha Nestory na neno mdomoni. Aliingia jikoni mbio, akakuta Meshack na mchi, na Rozina amesimama kando yake, ameitwa aone karanga zake zinavyotwangwa. Harufu ya kukaangwa ilikuwa nzuri. Ndio ubaya wake. Uji ulikuwa unatokota kwenye sufuria kubwa, bado haujatiwa kitu.

Bado angeweza kunyamaza. Aliwaza angejikwaa akaangusha kinu, iwe ajali. Aliwaza angesema uji umetosha. Kisha akasikia nje sauti ya mwalimu wa chekechea akipiga hodi na ndoo yake, na kelele za watoto nyuma ya ukuta.

"Meshack, acha," akasema.

"Nini tena?"

Alimgeukia mkwewe, akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya jikoni yenye maji. "Mama, nisamehe. Karanga zako zina kuvu. Haziliwi. Niliziona tangu mapema nikakudanganya."

Mchi ukasimama hewani. Janeth alitokea mlangoni na kikombe chake, akaganda hapo. Redempta akanyanyuka, akakibeba kinu chenyewe, kizito kama kilivyo, akakitoa nje na kukimimina kwenye shimo la taka, kisha akarudi akachukua kikapu na kumwaga kilichobaki. Alifanya hivyo huku analia kwa sauti, bila kujificha. Aliporudi alimkuta Rozina hajasogea.

"Mara ya pili," Rozina akasema. "Mara ya pili unanimwaga mbele za watu."

"Mama, ulizianikaje? Zilinyeshewa?"

"Hazikunyeshewa."

"Sasa unyevu huo umetoka wapi?"

"Nilizilowesha!" Mwanamke yule mwembamba alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Nilizilowesha ganda lilainike. Ulitaka nizimenye na nini?"

Akaitoa mikono ndani ya shuka. Redempta, aliyetazama macho ya samaki, mashavu ya samaki, kikapu na kilichomo, hakuwa ameitazama mikono iliyokibeba. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda kila kimoja na njia yake, na gumba la kulia lilikuwa na kidonda kinachokauka. Mikono hiyo isingevunja ganda kavu la karanga hata moja.

"Toka mavuno nimekaa barazani naangalia barabara," Rozina akasema, sauti imeshuka. "Nikasema watakuja tumenye pamoja, kama watu wanavyofanya. Gabriel hakuja. Wewe hukuja. Nikaona basi, nitie maji." Akajifunga shuka lake. "Nestory, twende."

Nestory alimfungulia mlango wa gari, na lile deli lililokataliwa likarudi nao. Kikapu kikabaki jikoni, kitupu.

Siku zilizofuata Redempta alikuwa mtu wa kusikitisha. Mlangoni alinusa, lakini alinusa kitu kimoja mara nne na asijue ameamua nini. Alipitisha nyanya akazirudia, akakataa vitunguu vizima. Meshack, kwa mara ya kwanza, aliingiza sufuria yake kwenye friji bila kuambiwa, na hilo nalo likamliza. Janeth alimwambia hana kosa, watoto wangekula sumu. "Najua," akajibu Redempta. "Sijutii kumwaga. Najutia maji." Janeth hakumwelewa.

Nyumbani Gabriel alikitazama kikapu kilichoning'inizwa ukutani, akasema, "Nitampelekea mimi nikipata nafasi."

"Hutapata nafasi," Redempta akamjibu. "Wewe na mimi hatujapata nafasi tangu mavuno. Na chombo hakirudi kitupu."

Jumamosi akamwomba Janeth ruhusa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akamwachia Meshack mlango na maonyo yasiyoisha, akarudi kutoka kituoni kumwongezea onyo moja alilosahau, kisha akapanda gari la Matai. Kikapuni alikuwa ametia sukari, chumvi, sabuni na dawa ya kuchua. Alijua vyote hivyo ni vya kujaza kikapu tu. Njia nzima alikuwa akikihamisha kikapu kutoka goti hili kwenda lile, mpaka aliyekaa naye akamwuliza kama anataka kushuka. Alitaka. Alitaka kushuka na kurudi, na alitaka gari liruke lifike.

Rozina alikuwa barazani, mkeka umetandikwa, gunia la karanga na maganda yake limeegemezwa ukutani. Redempta akachuchumaa, akapiga makofi, akasalimia. Mama mkwe aliitikia, ila hakusema mwanangu. Alipokea kikapu, akakiweka kando bila kukifunua. Hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Alichofanya ni kulivuta gunia kwa mguu, akamimina karanga kavu kwenye ungo, akausukuma ungo mpaka magotini kwa mgeni wake.

Wakaanza kumenya, au tuseme Redempta akaanza kumenya, na Rozina akawa anachambua, vizima huku, vilivyosinyaa kule. Ganda la karanga kavu ni kitu kidogo sana mpaka ulivunje kwa kidole gumba kutwa nzima. Redempta alizoea kazi ya kusimama, ya kuzunguka, ya kuamrisha. Kukaa kulimuuma mgongo, kunyamaza kukamuuma zaidi. Mara kadhaa alitaka kunyanyuka akaangalie kitu, kitu chochote, jiko, mbuzi, barabara. Akajizuia. Jua lilipopita katikati, gumba lake lilikuwa jekundu, na gunia lilikuwa kama halijaguswa. Akafikiria mtu mzima, peke yake, na vidole vile, mbele ya gunia hili.

Kando ya mkeka palikuwa na beseni la maji ya kunawa. Sijui kama alikusudia. Mwenyewe anaapa mpaka leo kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Alichota konzi ya karanga na maganda yake, na bila kufikiri, mkono ukaelekea majini.

Rozina, ambaye hakuwa ameinua kichwa tangu asubuhi, akalisogeza beseni kwa mguu. "Hizo," akasema, "hazipiti mlangoni kwangu."

Redempta alibaki mkono uko hewani. Kisha akaelewa mkono wake ulikuwa unafanya nini, na nani alikuwa amefanya hivyo kabla yake, na kwa nini, na akaangua kicheko ambacho katikati yake kiligeuka kilio. Karanga zikamtawanyika mkekani. "Nisamehe, mama," alisema. "Si karanga. Nisamehe kutokuja."

Rozina alimwacha alie mpaka aliporidhika. Ndipo akaunyosha mkono wake uliopinda, akaushika wa mkamwana wake, akalitazama lile gumba lililovimba kwa mbele na kwa nyuma. Akauinua mpaka puani, akaunusa kwa makini, kama mtu aliyeletewa samaki kutoka Kasanga.

"Haya, mwanangu," akasema. "Huu unapita. Menya."